Kujuana sio kubebwa: mwongozo wa koneksheni kwa wanafunzi wanaotafuta kazi za fedha

Leo tuweke kando siasa na mpira, tuzungumzie ugali.

Vyuo vikishatoa matokeo, sisi tunaoshinda kwenye kafe na stesheneri huwa tunajua bila kuambiwa. Foleni ya kuprinti CV inafika mlangoni. Wanakuja vijana wa uhasibu, benki na fedha, uchumi, bima, kodi. Kila mmoja ana bahasha ya kaki, flashi shingoni na vyeti vya kutoa kopi. Nimewaandikia wengi, na kuna kitu kimoja nimekiona. Ukifuta jina la pale juu, CV zote ni moja. Excel ipo, "naweza kufanya kazi chini ya shinikizo" ipo, na mwisho kabisa marefa watatu: mwalimu wa chuo, mchungaji au shehe, na mjomba. Sasa yule anayezipokea mia tano kwa siku atamchagua nani, na kwa kigezo gani?

Niseme mapema ili mtu asije akaniuliza kwenye maoni: mimi sijasoma chuo. Nimeishia kidato cha sita, naandika na kubangaiza hapa na pale. Haya ninayoyaweka hapa nimeyapata kwa kuuliza watu walioko makazini, kwa kusoma, na kwa yaliyomkuta kaka yangu wa kuzaliwa. Kisa chake kipo huko chini, usikiruke.

1. Koneksheni ni nini, na kipi sio koneksheni

Mtaani neno hili lina sifa mbaya. Ukisema "fulani kapata kwa koneksheni" watu wanaelewa kimemo, mjomba mkubwa, au bahasha iliyopita chini ya meza. Matokeo yake vijana wengi waadilifu wanakaa mbali kabisa na jambo lenyewe. Anasema mimi nategemea vyeti vyangu na Mungu wangu. Ni msimamo mzuri, ila umechanganya vitu viwili.

Mtandao wa watu ninaouzungumzia hapa ni watu wanaojua mambo matatu kuhusu wewe:

- unajua kufanya nini,
- unakifanya vizuri kiasi gani,
- unatafuta nini kwa sasa.

Basi. Mtu wa kimemo anajua wewe ni mtoto wa nani. Mtu wa mtandao wako anaijua kazi yako. Kama unataka kipimo cha haraka cha kutofautisha, jiulize: maneno anayokuombea yanaweza kusemwa kwa sauti mbele ya waombaji wengine wote? "Huyu kijana alifanya fildi kwetu, akifunga hesabu zinafungika" yanasemeka popote. "Huyu mtoto wa dada yangu, mpitishe" yanasemwa mlango ukiwa umefungwa. La kwanza ni taarifa ya kweli inayomsaidia mwajiri. La pili ni kumnyang'anya mwenzako haki yake.

2. Kwa nini kazi za fedha hasa

Kwanza, wingi wetu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027. Piga hesabu mwenyewe: ni kama watu 85 wanaogombea kiti kimoja. Kati ya hao 85 wenye shahada kama yako, wenye GPA kama yako na wenye shati jeupe kama lako hawakosekani.

Pili, kazi zenyewe ni za uaminifu. Mpishi akiharibu chakula kinamwagwa, mnapika kingine. Ukimkabidhi mtu kasiki na akakukimbia, hakuna kupika kingine. Ndiyo maana kwenye benki, SACCOS, bima na ofisi za ukaguzi swali la kwanza ni "nani anakufahamu?" kabla hata ya "unajua nini?". Cheti kinaonyesha umefaulu mtihani. Hakiwezi kuonyesha kwamba ulikuta shilingi elfu kumi imezidi kwenye mahesabu ya siku ukairudisha. Hilo linasemwa na mtu aliyekuona.

Tatu, nafasi nyingi ndogo hazifiki gazetini. Fikiria SACCOS ya wafanyakazi yenye watumishi wanne, kampuni ndogo ya mikopo, wakala wa bima, au ofisi ya ukaguzi ya wahasibu wawili. Wakitangaza nafasi moja watapata CV mia tano, na hawana mtu wa kuzisoma. Kwa hiyo bosi anawauliza walio karibu naye: "Hakuna kijana mnayemjua?" Hapo kama jina lako halimo kichwani mwa mtu yeyote ndani ya chumba kile, umekosa kazi ambayo hukujua hata kama ipo.

Nne, historia. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mabenki yalitaifishwa na NBC ikawa ndiyo benki kubwa ya nchi. Wahitimu wengi wa enzi zile walipangiwa kazi na serikali. Mzee wako akikuambia "sisi tulimaliza chuo tukapewa barua", hakudanganyi. Ila mwaka 1997 NBC ile ikagawanywa na NMB ikatoka humo, benki binafsi zikawa zimeshaanza kufunguliwa, na kupangiwa kukaisha. Sasa hivi kila taasisi inatafuta watu wake yenyewe. Wazazi wetu wanatupa ushauri wa nyakati zao, wakati sisi tunapigana na nyakati zetu.

Angalizo kidogo: kazi nyingi za serikali zinapita Sekretarieti ya Ajira, unaombea kwenye Ajira Portal, kuna mtihani wa kuandika na usaili wa mdomo. Huko mtandao wako usiutegemee kukupa nafasi, na haupaswi kukupa. Unachoweza kupata ni taarifa kwa wakati: tangazo limetoka, mtihani unakuwaje, vyeti gani watu husahau na kurudishwa mlangoni. Hiyo peke yake sio ndogo.

3. Watafiti wanasemaje

Nilidhani haya ni maneno ya vijiweni tu hadi nilipokutana na kazi ya mwanasosholojia wa Marekani anayeitwa Mark Granovetter. Aliwachunguza wanaume 282 wenye kazi za kitaalamu, kiufundi na za uongozi katika mji wa Newton, karibu na Boston. Asilimia 56 walipata kazi zao kupitia watu wanaowafahamu, sio matangazo.

Lakini lililonishtua ni hili. Aliwauliza baadhi yao: huyo mtu aliyekupa habari ya kazi, mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliokuwa wakionana naye mara kwa mara walikuwa chini ya asilimia 17. Zaidi ya nusu walisema "mara mojamoja". Karibu asilimia 28 walisema "kwa nadra sana", yaani mara moja kwa mwaka au pungufu. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1973, na yanatajwa hadi leo.

Maana yake nini? Aliyekuletea habari ya kazi sio rafiki yako wa chumba kimoja. Ukifikiri vizuri inaeleweka. Mnayelala naye hosteli anajua yaleyale unayojua wewe. Anasoma tangazo lilelile ubaoni, tena analiombea yeye. Mtu unayekutana naye mara mbili kwa mwaka anaishi dunia nyingine, na huko kuna habari ambazo kwenu hazifiki.

Mwaka 2022 watafiti wengine walichapisha katika jarida la Science utafiti uliohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, kwa kipindi cha miaka mitano. Nao wakakuta mambo yanafanana: waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya ni wale wa kati. Sio ndugu wa damu, na sio mtu usiyemjua kabisa uliyembonyezea tu "ongeza rafiki". Ni watu wenye kukufahamu kiasi.

4. Hao watu wa kati wako wapi

Hapa wengi wanasema "mimi simjui mtu yeyote mkubwa". Hukuambiwa utafute mkubwa. Meneja mkuu hajui nafasi ya karani iliyo wazi tawini. Anayejua ni karani mwenyewe anayehama.

*Fildi.* Hii ndiyo migodi ya dhahabu na ndiyo tunayoichezea zaidi. Kwa wiki nane unakaa ndani ya ofisi ya fedha, watu wanakuona unavyofika, unavyoandika, unavyouliza. Wengi wetu tunaenda kusaini daftari na kuchati. Tukimaliza, tukishagongewa mhuri, hatugeuki nyuma.

*Waliokutangulia miaka miwili au mitatu.* Iwe IFM, CBE, TIA, Chuo cha Uhasibu Arusha, Mzumbe au Mlimani, kila darasa lina watu walioshapata. Hawa bado wanakumbuka njaa ya bumu likichelewa, kwa hiyo wanakusikiliza. Mtu wa miaka ishirini kazini ameshasahau.

*Walimu wa muda.* Vyuoni kuna wanaofundisha jioni huku mchana wako benki au kwenye ofisi za ukaguzi. Wanafunzi wanawakimbilia siku ya matokeo kulilia maksi. Jaribu kumfuata siku ya kawaida na swali la kazi: "Mwalimu, hili la kusuluhisha hesabu za benki na daftari la fedha, ofisini kwenu mnalifanyaje?" Atakukumbuka.

*Madarasa ya NBAA.* Mitihani ya Bodi ya Wahasibu hufanyika Mei na Novemba, na kabla yake kuna madarasa ya kujiandaa. Wengi mnaokaa nao benchi moja wanatoka kazini na tai shingoni. Wewe una muda wa kusoma, wao wana ajira. Mkisaidiana, kila mmoja anampa mwenzake alichokosa.

*Soko la hisa.* Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na mwaka 2014 lilianzisha shindano la wanafunzi kununua na kuuza hisa kwa fedha za kuigiza. Hata kama hujashinda, umeshakuwa na kitu cha kuzungumza na madalali wa hisa. Na kuna mlango mwingine ambao wanafunzi wengi hawaujui: NMB iliorodheshwa sokoni mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009. Ukiwa na hisa zao hata chache, wewe ni mwanahisa na una haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka. Unasikia mahesabu yakisomwa, unaona maswali yanavyoulizwa, na unakaa kiti cha jirani na watu ambao getini usingewafikia.

*Mtaani kwenu.* Vikoba vya akina mama, SACCOS ya bodaboda, kamati ya msikiti, kwaya ya kanisa. Vyote vina fedha na karibu vyote vina daftari lililovurugika. Omba kulinyoosha. Ukimaliza, watu thelathini wanajua kwamba mtoto wa mama fulani anajua hesabu na sio mwizi. Mmoja wao ana shemeji benki.

*LinkedIn.* Ilianza mwaka 2003 na hata kwenye kafe inafunguka vizuri. Weka picha ya heshima, andika unachosoma na unachoweza, na fildi uliyofanya. Nusu saa moja kwa wiki inatosha. Usisahau kutoka kwenye akaunti yako kabla ya kumwachia mwenzako kompyuta.

5. Kisa cha kaka yangu

Kaka yangu alimaliza stashahada ya uhasibu mwaka 2021. Nyumbani tulifurahi, maana mama ndiye aliyemsomesha kwa genge la nyanya na vitunguu. Akaanza kusambaza bahasha. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano, kimya.

Kijiweni akatokea jamaa, tena amevaa vizuri, akamwambia ana mtu wake kwenye ofisi ya utumishi ya benki moja. Nafasi zipo tatu, bado moja. Inatakiwa laki moja na nusu ya "kufungua faili". Kaka akamwambia mama. Mama akatoa mtaji wa genge. Wiki moja baadaye namba ya yule jamaa ikawa haipatikani, na haikupatikana tena. Genge likafungwa karibu miezi miwili. Sisahau ukimya uliokuwa pale ndani, kwa sababu mama hakumlaumu hata mara moja, na hilo ndilo lilimuumiza kaka zaidi.

Siku moja mama akamuuliza tu: "Yule mama wa kwenye SACCOS mlikofanya fildi, ulishawahi hata kumpigia kumsalimia?" Kaka akainama. Hakuwahi. Alishagongewa mhuri, akaondoka.

Akaenda, kwa aibu. Yule mama mhasibu alimkaribisha, akampa kiti, halafu akamwambia maneno ambayo kaka anayarudia mpaka leo: "Mwanangu, miezi miwili iliyopita niliulizwa kijana wa kuandika leja. Wewe ndiye niliyekukumbuka. Nikatafuta namba yako nikaikosa."

Jamani. Kazi ilikuwepo, mtu wa kumtaja alikuwepo, na jina lake lilitajwa. Kilichokosekana ni salamu.

Kaka hakuipata nafasi ile, ilishajazwa. Ila akaomba awasaidie kufunga hesabu za mwaka bila malipo, nauli tu. Alikaa wiki sita. Baadaye yule mama alipoulizwa tena na watu wengine, namba alikuwa nayo. Leo kaka ni ofisa mikopo kwenye kampuni ndogo, anazunguka na pikipiki Mbagala yote kufuatilia marejesho. Mshahara sio wa kujisifia, lakini genge la mama limefunguliwa na mitihani ya bodi anajilipia mwenyewe.

Nikipiga hesabu ya mambo yake naona hivi: alilipa laki na nusu kununua koneksheni asiyokuwa nayo, huku aliyokuwa nayo akiipoteza kwa kukosa vocha ya mia tano.

6. Namna ya kuanza bila kujikomba

Wengi wanashindwa kwenye ujumbe wa kwanza. Ama anaandika "Mambo, naomba kazi", ama anaandika gazeti zima. Fuata haya:

- Salimia kwa heshima ya kwenu. Aliyekuzidi umri ni shikamoo, hata kama ni kwenye simu.
- Jitambulishe na mkumbushe mlipokutana.
- Uliza jambo moja dogo linalojibika. Usiombe kazi.
- Shukuru, ishia hapo.

Mfano kwa mtu wa fildi:

"Shikamoo mama. Ni yule kijana wa fildi wa mwezi wa nane, niliyekuwa nakusaidia kupanga hati za malipo. Nilipata alama nzuri kwenye ripoti, nikaona nikushukuru. Nilikuwa naomba kuuliza, nikitaka kujiandaa na kazi za mikopo, nijifunze kitu gani kwanza? Nakutakia kazi njema mama."

Mfano kwa aliyekutangulia chuo:

"Habari za kazi kaka. Nasoma benki na fedha mwaka wa pili, chuo chetu kilekile. Nimeona upo kwenye ukaguzi. Ukipata dakika kumi siku yoyote naomba nikuulize ulivyojiandaa na usaili. Nikikukuta una kazi nyingi nitaelewa."

Akijibu, fanyia kazi alichokwambia halafu umrudishie habari. Hapa ndipo watu wanapopotea. Kama alisema "jifunze Excel", baada ya wiki tatu mwandikie: "Nilianza ile Excel, nimefika kwenye jedwali egemeo, asante." Mtu akiona ushauri wake umezaa matunda, anakuhesabu kama mtu wake. Asipojibu, subiri wiki mbili umkumbushe mara moja. Akikaa kimya tena, mwache kwa amani. Ana yake.

Tena uwe na daftari. Sitanii. Andika jina, anafanya wapi, mlikutana wapi, mliongea nini, mara ya mwisho lini. Watu ishirini unaowasalimia mara tatu kwa mwaka wanatosha. Siku za sikukuu, mwaka mpya, akipandishwa cheo, akipata msiba. Usiwe wa kuonekana ukiwa na shida tu.

Na wewe uwe na cha kutoa. Unadhani huna? Unaweza kumsaidia mtu kuingiza takwimu, kumtumia tangazo la semina, kumwelekeza mdogo wake anayeingia chuo. Mkono mtupu haulambwi, wahenga waliona mbali.

7. Makosa yanayotuangusha

- Kuanza mwaka wa mwisho. Mtandao ni kama mwembe, hauupandi siku ya njaa.
- Kutuma CV moja kwa watu hamsini, tena na jina la kampuni nyingine limebaki pale juu. Nimeyaona kwa macho yangu kafe.
- Barua pepe za ajabu. "Mtotowamama2005" sio jina la mhasibu. Fungua nyingine yenye majina yako mawili.
- Kumweka mtu kuwa refa bila kumwambia. Anapigiwa simu anasema "nani huyo?" Umekwisha.
- Kudanganya kwamba unajua kitu. Kwenye fedha uongo unagundulika mapema, na aliyekutaja anaaibika na wewe. Hatakutaja tena, wala hatamtaja mwenzako.

8. Hatari za njiani

La kwanza umelisikia kwenye kisa cha kaka. Mwajiri wa kweli hakuombi hela ya kufungua faili, hela ya fomu ya siri wala hela ya sare kwa namba ya simu. Ukiombwa, kimbia. Kutoa nako ni kosa. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, anayetoa na anayepokea wote wana kesi.

La pili ni la dada zetu, japo hata wavulana linawakuta. Kuna wanaoita "njoo tuongelee CV yako" saa mbili usiku, hotelini. Dada, huo sio mtandao. Kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo kinaitaja rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai, na kudai ngono ili kumpa mtu ajira kumo ndani yake. Kutana na watu ofisini, mchana, kwenye semina, au sehemu yenye watu, na mwambie rafiki yako uko wapi. Tunza ujumbe wote aliokutumia. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Mtu mwenye nia ya kukusaidia hatakasirika ukimwambia mkutane saa nne asubuhi.

9. Ratiba fupi kwa mwenye haraka

*Mwaka wa kwanza:* fungua barua pepe ya heshima na LinkedIn. Jiunge na klabu moja ya chuo na uombe kazi ya mweka hazina, sio uenyekiti.

*Mwaka wa pili:* fildi ya kwanza. Fika kabla yao, ondoka na namba za watu wawili, tuma shukrani ndani ya wiki moja. Anza daftari lako.

*Mwaka wa tatu:* fildi ya pili, ikibidi sehemu tofauti. Zungumza na watu watano waliokutangulia. Jisajili bodi kama unaelekea uhasibu. Waeleze watu wako tarehe unayomaliza.

*Baada ya kumaliza:* usikae ndani. Shika hesabu za mtu, hata za duka la jirani. Kila mwezi toa habari kwa watu wako kwamba unafanya nini. Anayesema "nipo tu nyumbani" ni vigumu kumtaja.

10. Na asiye na mtu kabisa?

Najua yupo anayesoma hapa huku dakika zake za kafe zinaisha, anasema haya ni ya watoto wa mjini. Ametoka kijijini, baba mkulima, Dar haijui hata moja. Ndugu yangu, ndiyo maana nimeandika. Mtoto wa mkubwa haihitaji makala hii, mtandao alizaliwa nao. Ni wewe na mimi tunaopaswa kuujenga kwa salamu, kwa kazi nzuri tusiyolipwa na kwa daftari la shilingi mia tano. Vyeti soma, tena soma sana, maana mtandao bila uwezo utakuingiza mlangoni na aibu itakutoa. Ila usidhani kukaa kimya na bahasha yako ndiyo uadilifu.

Kabla hujafunga ukurasa huu, fikiria mtu mmoja uliyefanya naye kazi au aliyekufundisha ambaye hujamsalimia mwaka mzima. Mwandikie leo. Usimwombe kitu.

Wadau mlioko makazini, mlipataje? Na nyie mnaotafuta, mnakwama wapi? Tuachieni maoni hapo chini, matusi hapana. Mwenye mlango wa fildi kwa vijana naye aseme, mwenzako anasoma.

Nawasilisha.